Myahudi wa Venisi na Mhindi wa Musoma

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Juma hili ninayo barua moja kutoka Bunda ambayo nimekaa nayo kuliko kawaida. Mwandishi wake ameomba jina lake lisitajwe, nami namheshimu. Anasema yeye ni mkulima wa pamba, Mkatoliki, na kwamba huenda kuhiji Kiabakari, pale kwenye kituo cha Huruma ya Mungu kilichojengwa na mapadre kutoka Polandi. Anawasifu mapadre hao kwa kazi yao. Lakini amesoma gazetini kwamba huko Polandi wapo watu wanaowachukia Wayahudi, na kwamba Wayahudi wenyewe huko karibu wote wamekwisha. Anauliza: mtu anamchukiaje jirani ambaye hayupo?

Swali lake la pili ni la nyumbani. Mtaani kwake kuna mwenye duka, Mhindi, aliyezaliwa Musoma, na baba yake naye alizaliwa Musoma. Bwana huyo ametamka kwamba chama chake kikimdhamini atagombea uenyekiti wa mtaa. Basi maneno yameanza. Wako wanaosema ni mtu wa watu, haachi msiba wala harusi. Wako wanaosema mgeni hawezi kuwaongoza wenyeji. Na mwandishi anaongeza, kwa wino mzito, kwamba mizani ya duka lile nayo ina maneno yake.

Huenda aliyeandika hakujua kwamba maswali yake mawili yanakaa nyumba moja. Nitaanza na lile la mbali.

Polandi ni nchi iliyowahi kufutwa kwenye ramani. Mwaka 1795 majirani zake watatu, Urusi, Prussia na Austria, walimaliza kuigawana, na ikakaa bila dola yake kwa miaka 123, hadi mwaka 1918. Sasa fikiria, msikilizaji. Watu wasio na serikali, wasio na bendera, wasio na jeshi, watajijua kwa kitu gani kwamba wao ni taifa? Wapolandi walijijua kwa lugha yao na kwa kanisa lao. Mrusi alikuwa Morthodoksi, Mprussia alikuwa Mprotestanti, na Mpolandi akawa Mkatoliki. Jambo hilo liliwasaidia kuishi. Lakini liliacha swali: yule Myahudi ambaye babu zake wamekaa Polandi tangu enzi za kati, anayelipa kodi ileile na kufa katika vita vilevile, yeye ni nani?

Polandi iliporudi kwenye ramani, kulikuwa na majibu mawili. Upande mmoja ulisema taifa ni raia wote wa dola. Upande wa pili, ulioongozwa na mwanasiasa Roman Dmowski, ulisema taifa ni damu na dini, na wengine ni wapangaji. Tarehe 9 Desemba 1922 Bunge lilimchagua profesa mmoja mhandisi, Gabriel Narutowicz, kuwa Rais wa kwanza wa nchi. Hakuwa Myahudi. Kosa lake ni kwamba miongoni mwa kura zilizompa ushindi zilikuwamo za wabunge wa makabila madogo, Wayahudi wakiwamo. Mitaani wakamwita rais wa Wayahudi. Siku saba baada ya kuchaguliwa, alikwenda kufungua maonyesho ya picha mjini Warsaw, na mchoraji mmoja akampiga risasi akafa. Naomba mkumbuke kisa hicho, maana nitakirudia: aliyeuawa kwa kuitwa Myahudi hakuwa Myahudi.

Mwaka 1939 Polandi ilikuwa na Wayahudi kama milioni 3.3, yaani karibu mtu mmoja kati ya kila kumi. Ndipo Wajerumani wa Hitler walipoingia. Vita vilipokwisha, Wayahudi kama milioni tatu wa nchi hiyo walikuwa wameuawa. Hapa lazima tuwe waadilifu. Makambi ya mauaji yalikuwa ya Wajerumani. Wapolandi wasio Wayahudi nao waliuawa kwa mamilioni ndani ya vita hivyo, na Wapolandi zaidi ya 7,000 wametambuliwa kwa heshima kule Israeli kwa kuwaficha Wayahudi, ingawa ukikamatwa umemficha Myahudi adhabu yake ilikuwa kifo chako na cha nyumba yako. Hakuna taifa jingine lenye watu wengi kama hao katika orodha ile. Halafu wengine wa Wapolandi hao walitupwa Siberia na Warusi, wakapitia Uajemi, wakafika hadi kwetu. Tengeru, karibu na Arusha, waliishi karibu 5,000 kuanzia mwaka 1942, wengi wao wanawake na watoto, na wengine walikaa Kondoa, Ifunda, Kidugala na Morogoro. Makaburi yao Tengeru yapo hadi leo. Kwa hiyo tunapowazungumza, tunazungumza watu waliowahi kuwa wakimbizi wetu.

Lakini uadilifu una pande mbili. Tarehe 10 Julai 1941, katika mji mdogo wa Jedwabne, Wapolandi waliwakusanya majirani zao Wayahudi, wakawafungia ndani ya ghala na kulichoma moto. Wachunguzi wa serikali ya Polandi walisema baadaye kwamba waliokufa si chini ya 340, na kwamba Wajerumani waliwachochea, lakini mikono iliyotenda ilikuwa ya majirani. Kwa miaka mingi jiwe la kumbukumbu pale lilisema ni kazi ya Wajerumani. Kitabu cha mwanahistoria Jan Gross, kilichotoka mwaka 2000, ndicho kilichofumua jambo hilo mbele ya taifa zima, na mwaka 2001 Rais Aleksander Kwaśniewski alikwenda Jedwabne akaomba radhi. Wapo waliomshangilia, na wapo waliosema ameliuza taifa.

Kisa kingine ni cha mji wa Kielce, tarehe 4 Julai 1946. Vita vimekwisha, Hitler amekufa. Mtoto mmoja wa kiume alipotea siku mbili, aliporudi ikasemwa kwamba Wayahudi walimfungia kwenye chumba cha chini ya nyumba yao ili wamtoe damu. Nyumba ile haikuwa hata na chumba cha chini. Mtoto alikuwa amekwenda kijijini kwa watu waliomfahamu. Hadi jioni Wayahudi 42 walikuwa wameuawa, watu waliokwisha kuponea makambini. Sisi tuliokulia na habari za mumiani na chinjachinja, tunaijua sauti hiyo. Uvumi wa damu hauhitaji ushahidi. Unahitaji tu mtu ambaye tayari mmekubaliana kwamba si mwenzenu.

Nitapita haraka sasa. Mwaka 1968 ni serikali ya Kikomunisti, iliyojiita ya wafanyakazi wa dunia nzima, iliyoanza kuwasaka Wayahudi wachache waliobaki, makazini na vyuoni. Watu wapatao 13,000 waliondoka. Walitakiwa kuukana uraia wao, wakapewa karatasi ya safari iliyoandikwa kwamba mwenye karatasi hii si raia wa Polandi. Mwaka 1990, katika uchaguzi wa rais, ilinong'onwa kwamba Tadeusz Mazowiecki, Waziri Mkuu na Mkatoliki wa kweli, ni Myahudi kisirisiri. Mwaka 2018 Bunge lilipitisha sheria ya kumfunga hadi miaka mitatu atakayelihusisha taifa la Polandi na uhalifu wa Wajerumani wa Hitler. Kelele za dunia zikawafanya waondoe kifungo miezi michache baadaye. Na Desemba 2023 mbunge mmoja, Grzegorz Braun, alichukua mtungi wa kuzimia moto akazima mishumaa ya sikukuu ya Kiyahudi iliyowashwa ndani ya jengo la Bunge. Mwaka 2025 aligombea urais akapata zaidi ya kura sita katika kila mia. Kura nyingi zaidi hakupata, na Wapolandi wengi waliona aibu. Lakini kura sita katika mia, dhidi ya watu ambao mpiga kura wa kawaida hajapata hata kuwaona!

Hivyo jibu la swali la kwanza ndugu yetu wa Bunda analo sasa. Chuki ya namna hii haimhitaji Myahudi. Inahitaji jina lake tu. Jina likishakuwa tusi, utalipachika kwa profesa, kwa waziri mkuu, kwa yeyote unayetaka kumwambia kwamba wewe si mwenzetu kamili. Na mapadre wa Kiabakari hawamo katika kesi hii. Papa Yohane Paulo wa Pili, Mpolandi mwenzao, aliyefika hadi Mwanza mwaka 1990, alikulia katika mji wenye Wayahudi, akacheza nao mpira utotoni, na mwaka 1986 akaingia katika sinagogi la Roma akawaita ndugu. Nchi moja hutoa watu wa kila namna.

Sasa tuvuke ziwa turudi kwetu. Mtasema Mara hatuna Myahudi. Kweli, hatuna. Lakini tunaye mmoja tuliyeletewa na mtu wa Butiama.

Mwalimu Nyerere, pamoja na shughuli zote za Ikulu, alitafsiri tamthilia ya Shakespeare kuhusu wafanyabiashara wa Venisi, ikatoka mwaka 1969 kwa jina la Mabepari wa Venisi. Vizazi vya wanafunzi vimemjua humo Shylock, Myahudi mkopesha fedha, anayemdai Antonio ratili ya nyama ya mwili wake. Darasani wengi tulicheka aliposhindwa kesi. Wachache waliuliza kwa nini Shylock alikuwa mkopesha fedha na si mkulima. Jibu ni kwamba katika miji mingi ya Ulaya Myahudi alizuiwa kumiliki ardhi, akazuiwa kuingia katika vyama vya mafundi, akaachiwa riba, ambayo Kanisa liliwakataza Wakristo. Halafu wakamlaumu kwa riba. Na jambo la kustaajabisha ni hili: Wayahudi walifukuzwa Uingereza mwaka 1290, wakaruhusiwa kurudi mwaka 1656. Shakespeare alikufa mwaka 1616. Aliwaandikia watu ambao, isipokuwa wachache waliojificha, hawakuwa na Wayahudi miongoni mwao. Ni habari ileile ya Polandi.

Mimi nafikiri Mwalimu alichagua jina la kitabu kwa makusudi. Kwa Kiingereza kinamtaja mfanyabiashara mmoja. Yeye akaandika mabepari, wengi, na katika neno hilo wamo Antonio na rafiki zake Wakristo pamoja na Shylock. Ubepari akauweka kwenye shughuli, asiuweke kwenye kabila. Mtu anaweza kubishana nami, lakini hayo yanaoana na alichokiandika mahali pengine. Tarehe 14 Februari 1967, siku tisa tu baada ya Azimio la Arusha, wakati watu wanaandamana kushangilia mabenki kutaifishwa, Mwalimu alitoa makala gazetini kuonya kwamba ujamaa si ubaguzi wa rangi. Humo alisema kwamba mwenye kuwachukia Wayahudi, au Wahindi, au Wazungu, huyo si mjamaa. Angalieni mpangilio huo. Mtu wa Butiama, anayezungumza na Watanganyika na Wazanzibari ambao hawajapata kumwona Myahudi, anaanza na Wayahudi, halafu anawataja Wahindi. Alisoma Edinburgh kuanzia mwaka 1949 hadi 1952, Ulaya ikiwa bado inahesabu maiti zake. Alijua ugonjwa huu unavyoanza.

Na alijua kwamba kwetu ulikuwa na mahali pa kuota. Tusidanganyane, manung'uniko dhidi ya Wahindi hayakuzuka hewani. Mkoloni aliwapanga watu kama vikapu sokoni: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini. Shule zilikuwa tatu, hospitali tatu, mishahara mitatu. Kulikuwa na sheria iliyozuia Mwafrika kukopeshwa bila idhini ya serikali, eti kumlinda asidaiwe. Na mtu asiyekopesheka hafungui duka. Kule Kenya Mhindi naye alizuiwa kununua mashamba ya nyanda za juu, yaliyotengewa Wazungu, akaachiwa duka. Katika Jimbo la Ziwa, na Musoma ikiwamo, mkulima alivuna pamba, mnunuzi na mwenye kinu cha kuchambulia alikuwa mara nyingi Mhindi, na katikati yao ilining'inia mizani. Wazee wa Bunda mizani ile wataisimulia hadi usiku wa manane. Ndiyo iliyozaa vyama vya ushirika chini ya Paul Bomani, na mwaka 1955 ukaundwa muungano mkubwa wa vyama vya ushirika vya kanda ya Victoria, uliochukua ununuzi wa pamba kutoka kwa wafanyabiashara hao.

Tena niseme la upande wa pili, maana barua za Wahindi pia zinafika hapa. Wapo Wahindi waliofunga milango yao, na wengine bado wanaifunga, binti asiolewe nje, klabu isiingie mtu mweusi, mtumishi wa nyumbani mwenye umri wa baba yao aitwe boi. Hayo ni kiburi cha rangi, na hayana jina jingine.

Lakini tazama ushirika ulivyofanya. Uliona tatizo ni mizani na kinu, ukaenda kuchukua mizani na kinu. Haukwenda kuchoma nyumba ya mwenye mizani. Hapo ndipo njia yetu na ile ya Kielce zilipoachana, na haikuwa bahati tu, ilikuwa kazi ya watu.

Mwaka 1958 Waingereza walituletea kura tatu: kila mpiga kura alazimike kumchagua Mwafrika mmoja, Mhindi mmoja na Mzungu mmoja. Ilikuwa dharau. TANU ilikutana Tabora Januari mwaka huo, na Mwalimu akawashawishi wajumbe waingie kwenye uchaguzi huohuo. Zuberi Mtemvu alikataa, akaondoka na kuunda chama chake cha African National Congress, Afrika kwa Waafrika tu. Mwaka 1962 aligombea urais dhidi ya Mwalimu akapata chini ya kura mbili katika mia. Na kura tatu zile, zilizokusudiwa kutugawa, ndizo zilizoleta Bungeni watu kama Sophia Mustafa wa Arusha na Amir Jamal. Jamal alizaliwa Mwanza mwaka 1922, mwaka uleule aliozaliwa Mwalimu upande wa pili wa ziwa, na ndiye aliyekuja kushika Wizara ya Fedha kwa miaka mingi.

Oktoba 1961, miezi miwili kabla ya Uhuru, Bunge lilijadili muswada wa uraia. Serikali ilitaka mtu aliyezaliwa Tanganyika, ambaye walau mzazi wake mmoja alizaliwa Tanganyika, awe raia siku ya Uhuru bila kuulizwa rangi, na wengine wapewe miaka miwili ya kuomba. Wabunge kadhaa, watu wa TANU hao, walisimama wakapinga. Walisema Mhindi atakuwa raia wa mdomoni, moyo wake uko Bombay na fedha zake ziko London. Yalikuwa maneno yenye mashabiki wengi, na ingekuwa rahisi kwa Waziri Mkuu kijana kuyapisha. Mwalimu alisimama kwa hasira ambayo waliokuwapo hawakuisahau. Aliwafananisha wasemaji wale na Hitler, wanaotukuza rangi badala ya binadamu. Akaeleza kwamba leo mtasema Mwafrika na asiye Mwafrika, kesho mtaanza ninyi kwa ninyi. Akasema Serikali yake iko tayari kujiuzulu juu ya jambo hili. Muswada ukapita.

Najua msikilizaji atasema: mbona baada ya hapo mambo hayakuwa laini? Hayakuwa. Januari 1964 Mwalimu alitangaza kwamba kazi za serikali hazitatolewa tena kwa kuangalia rangi ila uraia, na wiki mbili hazikupita kabla jeshi halijaasi, na maduka ya Wahindi na Waarabu kuporwa Dar es Salaam. Mwaka 1970 Zanzibar iliwaoza wasichana wa Kiajemi kwa nguvu kwa wakubwa. Mwaka 1971 nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zilitaifishwa zikawekwa chini ya Msajili wa Majumba. Sheria ile haikutaja rangi, lakini wenye nyumba walikuwa Wahindi kwa wingi, na jengo lililozidi miaka kumi halikulipwa fidia. Familia nyingi zilifunga virago kwenda Uingereza na Canada. Mimi naiona sheria hiyo ilikuwa kali kuliko ilivyohitajika, hasa kwa mjane mwenye ghorofa moja aliyoachiwa na mumewe. Lakini kutaifisha nyumba ni jambo moja, na kumwambia mwenye nyumba kwamba yeye si mtu wa hapa ni jambo jingine. Andy Chande aliporwa, kama mtapenda neno hilo, vinu vyake vya unga mwaka 1967. Serikali ileile ikamwomba aviendeshe kwa niaba ya taifa, naye akakubali, akaliongoza Shirika la Taifa la Usagishaji.

Linganisheni na jirani. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke. Wengi wao walikuwa wamezaliwa Kampala na Jinja, na wako waliokuwa na hati za uraia zilizochanwa dirishani mbele ya macho yao. Uingereza peke yake ilipokea kama 28,000. Viongozi wengi wa Afrika walinyamaza. Mwalimu alisema hadharani kwamba ni ubaguzi. Na Septemba mwaka huohuo, mwezi mmoja baadaye, Amin alimpelekea Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa simu ya maandishi akimsifu Hitler kwa kuwaua Wayahudi. Sikutunga mimi. Ni mtu yuleyule, ndani ya majuma machache. Miaka kumi baadaye, chini ya serikali nyingine kabisa, waliofukuzwa vijijini kule Mbarara walikuwa watu weusi kama wafukuzaji: Wanyarwanda, wengine waliozaliwa palepale. Wahindi walikwisha kuondoka, na swali la nani mgeni lilikuwa bado liko palepale.

Kwetu lilirudi na vyama vingi. Mchungaji Christopher Mtikila alisimama majukwaani akawagawa watu kuwa walalahoi na magabacholi, na Januari 1993, baada ya mkutano wake Dar es Salaam, mawe yalirushwa kwenye magari ya watu wenye asili ya Kihindi. Kwa haki niseme kwamba mtu huyohuyo ndiye aliyehangaika mahakamani miaka mingi ili raia aweze kugombea bila chama, na mwaka 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu ikamkubalia. Watu hawaji na rangi moja ndani. Kisha ukaja mjadala wa uzawa: mali zilizobinafsishwa apewe nani kwanza? Swali la uchumi lilikuwa halali kabisa. Jina ndilo lililoteleza, maana mzawa ni aliyezaliwa hapa, na Mhindi wa Musoma kazaliwa Musoma.

Mwalimu, akiwa mstaafu, alilisemea jambo hilo katika hotuba za mwaka 1995. Alisema dhambi ya ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaonja huachi. Watu walilichukua kama fumbo la mzee. Februari 2001, Mwalimu akiwa amekwisha kuzikwa Butiama, Serikali ilitangaza kwamba watu wanne si raia wa Tanzania. Mmoja alikuwa mwandishi Jenerali Ulimwengu, aliyewahi kuwa mkuu wa wilaya na mbunge. Mwingine alikuwa balozi wetu, Timothy Bandora. Hakuna Mhindi katika wanne hao. Ninawakumbusha Narutowicz.

Nanyi wa Rorya na Tarime, ambao shangazi yuko ng'ambo ya mpaka wa Sirari na jina la ukoo ni moja pande zote mbili, hamhitaji mimi niwaeleze maana ya kutazamwa mara mbili unapoomba kitambulisho.

Wakenya wamejaribu dawa yao. Julai 2017 serikali ya Nairobi iliwatangaza Wahindi wa Kenya kuwa kabila la 44 la nchi hiyo. Wengine walifurahi. Mimi naona ni ukarimu wa ajabu kidogo, kumwambia mtu kwamba sasa umekuwa mwenzetu kwa sababu tumekupa kabila.

Nirudi kwa ndugu yangu wa Bunda. Ananiuliza nani ana haki. Sheria ya uchaguzi wa mwenyekiti wa mtaa inataka mgombea awe raia wa Tanzania, awe na umri wa miaka 21 au zaidi, ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza, awe mkazi wa mtaa ule, awe na kipato halali, na awe mwanachama aliyedhaminiwa na chama cha siasa. Ni fomu fupi. Haina nafasi ya kujaza babu alishuka bandari gani. Wanaosema bwana yule ni mgeni, wamwombe aonyeshe cheti cha kuzaliwa, naye ana haki ya kuwaomba wao waonyeshe vyao. Kumnyima kura wanaweza, kwa sababu yoyote watakayoona, kwamba hafiki mikutanoni, kwamba hajui tatizo la maji, kwamba chama chake hawakipendi. Hiyo ni hiari ya mpiga kura na siri yake.

Na kama mizani ile kweli inapunja, hilo lipelekwe Wakala wa Vipimo. Wana mawe yao ya kupimia, wataikagua kama wanavyokagua ya Mjita na ya Mkurya. Akikutwa na kosa atatozwa faini yeye, kwa jina lake.

Barua nyingine imetoka Majita, nayo yahusu viboko na mashamba ya mihogo. Hiyo tutaisoma juma lijalo.